Mtu Aliyemsalimia Mtoto

Tulipofika Nyamisati tulikuwa tumechoka hata kuzungumza. Nyuma yetu kulikuwa na treni, uwanja wa ndege, usiku mzima angani, uwanja mwingine wa nchi ya jangwa ambako binti yangu alilala juu ya mabegi, halafu Dar es Salaam na joto lake, halafu basi la kusini. Mbele yetu ilibaki boti ya kuvukia hadi Kilindoni, kisiwani Mafia. Mke wangu alikaa juu ya sanduku, akayatazama maji ya mtoni yenye rangi ya chai, akaniuliza kwa Kijapani kama tumefika. Nikamwambia bado kidogo. Neno hilo nilikuwa nalisema tangu jangwani.

Binti yangu alikuwa na miaka saba. Mgongoni alibeba begi lake la shule la Japani, jekundu, gumu kama kasha, na ubavuni mwa begi kilining'inia king'ora kidogo cha plastiki chenye umbo la yai. Watoto wa shule kule hutembea navyo. Ukivuta kamba yake kinalia kwa sauti ya kutoboa masikio, na watu wazima walio karibu wanatakiwa watoke mbio. Alikuwa amefundishwa akivute pindi mtu asiyemjua akimgusa.

Ndani ya boti alikaa ubavuni mwa bibi mmoja wa Kilindoni aliyekuwa ananusa ndimu ili asitapike. Tulipoiacha mikoko na kuingia bahari kuu, chombo kikaanza kuruka. Bibi akageuka, akamtazama binti yangu.

"Mke mwenzangu, mbona umenuna? Mume wetu hakukuaga vizuri?"

Huo ni utani wetu wa kawaida. Bibi na mjukuu, hata mjukuu wa kuazima, hugombea mume mmoja, yaani babu. Bibi akanyoosha mkono, akambana shavu.

Binti yangu akavuta kamba.

Mtu akapiga takbiri. Mwingine akapaza sauti, "Mashine! Mashine inaungua!" Wanaume wawili wakanyang'anyana boya moja, na juu ya vichwa vyao yamening'inia mengine tele. Nahodha akapunguza moto, boti ikaanza kuyumba ubavu, na wale waliokuwa wamejikaza wasitapike wakatapika. Mke wangu aliitafuta chini ya viti ile kamba iliyochomoka, airudishe kizimike, huku akiinama na kuomba radhi huku na huku, Kijapani na Kiswahili vikichanganyika mdomoni.

King'ora kilipozimika, bibi alikuwa bado ameinua kidole hewani.

"Haya," akasema. "Mume mchukue wewe."

Boti nzima ikacheka. Mimi pia nilicheka. Mke wangu hakucheka, na nilijua kwa nini. Kabla ya kuondoka tulikuwa tumekubaliana kwamba tutakaa Mafia mpaka mwaka mpya wa shule wa Japani, ambao huanza mwezi wa nne, wakati maua yao maarufu yanachanua. Binti yetu akiwa ameyashika maisha ya huku, tunabaki. Akishindwa, tunarudi, na mimi sitalitaja tena neno "kwetu" mbele ya mtu. Sasa kabla hata hatujakiona kisiwa, mtoto alikuwa amempigia king'ora bibi wa watu.

Nilikwenda Japani kijana, na cheti cha kidato cha nne na jamaa mmoja aliyeniambia kuna kazi ya kufumua magari mabovu. Mji ulikuwa wa bandari ndogo, pwani ile inayotazama Korea na Urusi. Tajiri wangu alikuwa Mpakistani, wateja walikuwa Warusi, na mimi kazi yangu ilikuwa kukata, kufungua, kupanga injini kwenye makontena. Mji wenyewe ulinishangaza kwa jambo moja. Nilitoka kisiwani nikidhani sisi tu ndio tunaoacha milango wazi. Kule nako waliacha. Baiskeli zililala nje. Watoto wadogo walikwenda shule peke yao, na walinisalimia kabla sijawasalimia, kwa sauti za juu, kama askari. Waliagizwa na walimu wao: ukikutana na mtu mzima, msalimie. Mara ya kwanza nilisimama njiani na machozi yakanilenga. Nilikuwa nimekaa majuma kadhaa bila mtu kuniamkia.

Mkwe wangu, baba yake mke wangu, alikuwa dereva wa basi. Nilipokwenda kuposa, jina la kisiwa chetu halikunisaidia. "Unatoka wapi?" "Mafia." Akamtazama mkewe muda mrefu. Lakini alinikubali, akanifundisha kula samaki mbichi, na mlango wake haukuwa na ufunguo ambao yeyote angeukumbuka ulipo.

Sijui mambo yalianza kugeuka lini. Hayakugeuka siku moja. Kulikuwa na habari za televisheni: mtoto kadhuriwa mji fulani wa mbali, nyumba imevunjwa mji mwingine, na mara kwa mara mtangazaji alitaja kwamba mshukiwa ni mgeni. Mkwe akatafuta ule ufunguo, hakuupata, akabadilisha kitasa. Kisha akaweka mlangoni kengele yenye jicho la kamera. Siku moja nikamuuliza, "Baba, hapa mtaani nani kaibiwa?" Akafikiri kwa bidii, kwa sababu ni mtu mkweli. "Hakuna," akasema. Halafu akaenda kukagua kama jicho linawaka.

Na nchi jirani. Wazee wa pwani ile walikuwa na hofu ya zamani, ya watu waliochukuliwa ufukweni na mashua kutoka ng'ambo wasionekane tena. Hofu hiyo ilikuwa imelala. Asubuhi moja vipaza sauti vya mtaa, ambavyo kazi yake ilikuwa kupiga muziki wa kuwaambia watoto warudi nyumbani, vikatuamuru tuingie ndani kwa sababu kombora limerushwa kutoka Korea Kaskazini. Lilipita likaanguka baharini. Mkwe alikaa chini ya meza, na alipotoka alikuwa na hasira ambayo haikujua imshukie nani. Mama mkwe naye, Mungu amrehemu, aliangalia tamthilia za Korea ya Kusini mpaka akalia, akajifunza na herufi zao. Chumba cha pili mumewe anawasema Wakorea, chumba cha kwanza mkewe anamlilia Mkorea. Wachina walipokuja kutalii, maduka yaliandika "karibuni" kwa Kichina mlangoni na kunung'unika kwa Kijapani jikoni. Vijana wa Kivietnamu walipoletwa kiwandani, tangazo pekee lililoandikwa kwa lugha yao lilikuwa la jinsi ya kutupa takataka.

Watoto nao wakapewa agizo jipya: usiongee na usiyemjua. Nililisikia agizo hilo. Binti yangu mwenyewe alilileta nyumbani. Lakini kusikia ni kitu kimoja, na mdomo uliolelewa Utende, kijijini kwetu, ni kitu kingine. Kwetu ukimpita mtoto bila kumsemesha, mama yake atauliza mna ugomvi gani.

Jioni moja, jua bado lipo, nilikuwa natoka kazini. Msichana mdogo mwenye begi jekundu alisimama kwenye kona ya duka la mchele anafunga kamba ya kiatu. Nikamwambia, "Umerudi? Pole na shule." Basi. Akaniangalia, akaondoka mbio.

Nilipofika nyumbani simu ya mke wangu ililia. Shule ilikuwa imetuma ujumbe kwa wazazi wote. Akausoma kwa sauti huku akikatakata vitunguu: mwanamume mgeni, mrefu, mweusi, amemsemesha mwanafunzi karibu na duka la mchele, wazazi wachukue tahadhari. Kisu kikasimama. Hakunitazama, nami sikumtazama.

Kabla hatujasema neno, mkwe akagonga. Alikuwa amestaafu, na kila siku alisimama kwenye kona ya shule na kibendera cha njano kuwavusha watoto. Alikuwa amevaa fulana yake inayong'aa, ya walinzi wa mtaa.

"Twende," akaniambia. "Wewe una macho mazuri. Kuna mtu wa hatari."

Nikavaa viatu. Hata leo siwezi kueleza kwa nini. Tukatembea, mzee na kibendera, mimi nyuma yake, tukichungulia vichochoro kunitafuta mimi. Watu walitusalimia kutoka madirishani, "Poleni na kazi." Tulipofika duka la mchele nilishindwa.

"Baba," nikasema, "ni mimi."

"Wewe nini?"

"Aliyemsemesha mtoto."

Akasimama. "Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia pole na shule."

"Halafu?"

"Halafu basi."

Alikikunja kibendera taratibu, akakifunga na kamba yake. Nilingoja anikasirikie, au aukasirikie mtaa. Akasema, "Kuanzia kesho utatoka kazini na mimi. Nitakuja kukuchukua. Watu wakikuona na mimi hawatasema kitu."

Alisema kwa mapenzi, na ndiyo maana iliniuma. Nimekata magari ya mji ule mpaka mikono yangu imeota sugu, na sasa nitembezwe kama mbuzi. Usingizi ukaniruka. Nikaanza kuisikia puani harufu ya nazi inayokaushwa iwe mbata. Nikawa namsumbua mke wangu asubuhi na jioni, twende kwetu, kule mtoto ni wa watu wote, kule hakuna king'ora. Ndipo tukafanya yale makubaliano.

Utende, majuma ya kwanza yalikuwa mabaya. Nilipata kazi ya kutengeneza mashine za boti, nikapendwa upesi. Binti yangu alipita katikati ya watu kama anayepita msituni. Hakuamkia. Akiitwa, aliinamisha kichwa, mkono kwenye kamba.

"Mtoto huyu bubu?" jirani akamuuliza mama yangu.

"Bubu nyumbani kwako," mama akajibu. "Huyu anaongea lugha mbili, wewe hata moja inakushinda."

Lakini usiku ule mama aliniambia, "Mwanangu, mtoto umemleta, roho umeiacha njiani." Kisha akachukua mambo mikononi mwake. Kila alasiri alimpa binti yangu sahani iliyofunikwa kawa, leo mihogo ya nazi, kesho vitumbua, apeleke nyumba fulani. Kwetu sahani hairudi tupu, na mlangoni huingii mpaka upige hodi na kuitikiwa. Mama alimfundisha kusimama pembeni ya mlango, asichungulie, apige hodi, angoje, apige tena, na asipoitikiwa mara ya tatu arudi na sahani yake.

"Kama ile kengele ya babu," binti yangu akaniambia, "lakini jicho ni langu, na halichungulii."

Mwanzoni hodi yake haikusikika hata na kuku. Wiki zilivyokwenda ikapanda. Akarudi na ndizi, na ukwaju, na habari: nyumba ile wamepata mtoto, nyumba ile baba kanuna. Siku moja nikiwa chini ya mashine nilisikia sauti kali barabarani, "Shikamooni!" na wazee wote wa barazani wakaitikia kwa pamoja, "Marahaba!" Nikatoka na mafuta usoni kuangalia ni mtoto wa nani.

King'ora alimpa bibi yake. Mama alikifunga kwenye mti shambani, akaunga kamba yake na mshipi wa kuvulia, akaizungushia mihogo. Nguruwe pori akija anajikwaa, kinalia, nguruwe anakimbia na sisi tunaamka. "Wajapani wana akili," mama alisema. "Ila walikosea mnyama."

Nilikuwa na furaha, na bado sikutulia. Nilijikuta natembea hadi ufukweni bila sababu. Nilikumbuka harufu ya mafuta ya taa ya majiko yao ya baridi. Nilimkumbuka mkwe amesimama konani. Mtu wa kuzunguka ana ugonjwa huu: akiwa huku roho iko kule.

Kisha ikatokea alasiri ambayo binti yangu hakurudi. Alikuwa amefuatana na kina mama wanaolima mwani, bahari ilipokupwa, na kina mama wakarudi bila yeye. Mke wangu akatoka peku, anapiga hodi nyumba hadi nyumba, rangi imemtoka. Mama alimcheka. "Mkwe wangu, kaa unywe chai. Hapa mtoto hapotei."

Akaletwa na pikipiki. Dereva alikuwa kijana wa bara, aliyepanga chumba karibuni pale kijijini. Binti yangu akashuka na kamba iliyotungwa makombe ya chaza shingoni, anacheka. Nikamwona mama yangu anabadilika uso.

"Mama, shikamoo," yule kijana akasema.

Mama hakuitikia.

"Nimemkuta njiani, akaniamkia mwenyewe. Akasema anakwenda kwa bibi yake. Nikamwambia panda."

"Ulimwambia panda," jirani mmoja akasema. "Wewe unamjua?"

"Hapana, kaka. Kanisalimia."

"Kwenu wapi? Mjumbe anakujua?"

Watu walikuwa wameshaongezeka. Mama akasema kwa sauti ndogo, akimwelekea mke wangu kana kwamba kijana hayupo, "Huyu si wa hapa. Tangu mauaji yalipotokea kule bara, mtu usimwamini kwa salamu." Nami nikaisikia sauti ya mkwe wangu, siku ile aliponiambia kuna mtu wa hatari. Nilikuwa nimesafiri dunia nzima kuikimbia sentensi hiyo, na hapa ilikuwa imekaa uani kwetu, imevaa kanga.

Binti yangu alimshika mama nguo.

"Bibi, kakuamkia. Hujaitikia."

Mama akatazama mchanga.

"Marahaba," akasema.

Nikamshika kijana mkono, nikamshukuru, nikamkaribisha chai. Hakuingia. Siku chache baadaye nilisikia amehamia Kilindoni, kule wageni ni wengi na hakuna anayeuliza.

Maua ya Japani yalikuwa yanakaribia. Kwa makubaliano yetu nilikuwa nimeshinda, na mke wangu, ambaye hasemi uongo, aliniambia tunabaki. Ndipo mkwe akapiga simu. Huwa anamuuliza mjukuu amekula nini, kisha anakata. Safari hii aliniita mimi.

Alisema nyonga imemharibikia, hawezi tena kusimama konani. Alisema watoto aliokuwa akiwavusha siku za karibuni wengine ni Wavietnamu, wengine Wanepali, mmoja Mbrazili, na amejifunza kuwasalimia wote kwa lugha zao, ingawa wanamcheka. Wasichana wakubwa wanaimba nyimbo za Kikorea barabarani, naye sasa anaujua mmoja.

"Kibendera hakina mtu," akasema. "Nimewaambia kwenye mkutano wa mtaa kwamba nataka ukichukue wewe. Nikawaambia na ile habari ya duka la mchele. Kwamba ulikuwa wewe, na ulichokisema."

"Wakasemaje?"

"Wengine walikubali. Wengine walinyamaza. Mmoja alitoka nje." Nikamsikia anapumua. "Mimi mwenyewe nilichelewa kuwaambia."

Mama alikuwa karibu, akataka kujua mzee anasema nini. Nikampa simu. Alipaza sauti kama anaita mtu ng'ambo ya ghuba, "Shikamoo, mkwe mwenzangu!" Binti yangu akasogeza mdomo simuni, akamnong'oneza babu yake jibu. Tukasikia, kutoka mbali, taratibu: "Marahaba." Mama akanirudishia simu, akaenda jikoni akakaa huko.

Nilikwenda ufukweni nikarudi, nikaenda tena. Mke wangu hakunisukuma. Nilipomwambia turudi, aliuliza, "Una hakika? Huyo aliyetoka nje utakutana naye kila asubuhi." Nikamwambia ndiyo, na yeye nitamsalimia.

Asubuhi ya kuondoka, mama alinipeleka kwenye minazi iliyopandwa nilipozaliwa. Akaipiga mmoja baada ya mwingine kwa kiganja.

"Hii nampa dada yako," akasema. "Mara zote ulizoondoka nilikuwekea. Safari hii hurudi kukaa. Minazi haingoji mtu anayekuja kusalimia."

Akaniambia pia king'ora kinabaki, nguruwe bado wanakiogopa. Mke wangu akasema shule itadai kingine. "Wampe," mama akasema, "ila mwambie amtazame mtu usoni kabla ya kuvuta." Kutusindikiza uwanja wa ndege hakutaka. Alimkumbatia binti yangu, akamwita mke mwenza, wakacheka, kisha akaingia ndani na kurudishia mlango.

Kilindoni, karibu na soko, bajaji yetu ilisimama kupisha gari la mchanga. Binti yangu alitoa kichwa nje akapiga ukelele wa salamu. Ng'ambo ya barabara, juu ya pikipiki, yule kijana wa bara aligeuka kushoto na kulia akitafuta nani anaamkiwa. Alipoelewa ni yeye, aliinua mkono wote.

Tukiwa tumesimama kwenye lami tunangoja kuingia ndege ndogo, binti yangu alinivuta shati.

"Baba, kule nisalimie au nisisalimie?"

Mke wangu alinitazama. Nilikuwa na jibu la kwetu na jibu la kwao, na nilikuwa nimeyachoka yote mawili.

"Asubuhi ukienda shule utanikuta konani na kibendera," nikamwambia. "Anza na mimi. Useme kwa nguvu, wenzako wasikie."

Akakubali kwa kichwa, akavaa begi lake jekundu.

Ndege iliporuka niliweka paji la uso kwenye kioo nikaitafuta minazi yangu upande wa Utende. Sikuiona. Ukiwa juu, minazi ya Mafia ni mmoja kama mwingine, na ile haikuwa yangu tena.